Somo Yangu

Kusoma kwangu kuligharimu herufi moja. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na jibu ni lile lile: herufi moja, O, ya bati, iliyokatwa kutoka kwenye debe la mafuta ya taa, na haikuwa yangu. Karo alilipa baba, sare alishona mama, na hayo yaliisha pale pale. Hiyo O bado. Kila nikinusa rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa, na chini yake ile harufu kavu ya gunia jipya inayowasha pua, narudi kwenye baraza ya nyumba yetu ya Bwera, mwishoni mwa miaka ya sitini. Nimepiga magoti juu ya gunia la kahawa, na mkono wa mwanamke uliojaa rangi mpaka kwenye kiwiko umeushika mkono wangu.

Mwanamke huyo aliitwa Kavira. Alivuka mto pale Mpondwe wakati ule watu wa upande wa Beni na Butembo walipokuwa wakikimbia vita vyao, na alivuka na vitu vitatu: rozari shingoni, sufuria moja, na furushi la herufi. Marehemu mumewe alikuwa akiandika magunia ya kahawa kwenye shamba moja huko kwao. Kila herufi ilikuwa kipande chake cha bati, imetobolewa katikati. Unailaza juu ya gunia, unapigapiga kitambaa chenye rangi, unainua, herufi imebaki. Wengine walikimbia na mbuzi. Yeye alikimbia na alfabeti nzima. Mama alimpangisha chumba cha nyuma baada ya mapatano ya siku mbili, maana mama alikuwa akiuza chumvi, na muuza chumvi wa Bwera hakubali bei ya kwanza hata akitajiwa na padri. Haukupita muda, wafanyabiashara wa kahawa wakawa wanaleta magunia yao barazani kwetu, na nyumba nzima ikanuka rangi, pamoja na uji.

Sisi Wakonzo, na ndugu zetu Wanande wa ng'ambo, jina la mtoto hatulitafuti, tunalihesabu. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho, na hesabu inaendelea mpaka mama achoke. Mimi ni wa pili, kwa hiyo ni Biira. Ukivuka mto, Biira huyo huyo anaitwa Kavira. Siku ya kwanza aliponiuliza jina alicheka mpaka akashika nguzo. "Basi miye na weye tuko mutu moja," alisema. "Ni mupaka tu ndio inatukata." Baba, aliyekuwa akipakia mizigo kwenye stesheni ya reli Kasese na kurudi kila Jumamosi na maneno aliyookota kwa watu wa pwani waliokuja na reli, akatuambia kwamba mtu mwenye jina lako ni somo. Tukalipenda neno hilo siku ile ile. "Somo yangu!" alikuwa akiniita kutoka barazani. "Somo yangu!" nikamjibu kutoka njiani. Baba alijaribu kunirekebisha: mtu ni somo wangu, la darasani ni somo langu. Lakini Kiswahili chetu cha mpakani hakikuwa na nafasi ya mambo hayo. Mama yangu, mbuzi yangu, kitabu yangu, somo yangu. Nilipokuja kujifunza tofauti nilikuwa mtu mzima tayari, nikagundua kwamba kwa kosa lile nilikuwa nimepata vitu viwili kwa bei ya kimoja.

Sasa siri yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, na sikujua kusoma. Sikuwa mjinga. Niliweza kumhesabia mteja wa mama chenji yake kabla hajafungua fundo la leso. Tarakimu zilinitii, isipokuwa sita na tisa, ambazo ilibidi nizihesabu mara mbili kwa usalama, na tabia yangu yote imetoka hapo. Lakini herufi zikishakaa pamoja kwenye mstari zilianza kusukumana. Ile yenye tumbo kulia iligeuza tumbo kushoto. Yenye mguu chini iliurusha juu. Neno nililoliona mwanzo wa ukurasa, nikilikuta tena chini lilikuwa mgeni. Basi nikafanya biashara. Niliuza hesabu, nikanunua kusoma. Jirani yangu wa dawati, Kabugho, msichana wa Kitswamba, nilimfanyia hesabu zote. Yeye alininong'oneza vitabu, na mimi nikavishika kwa masikio, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na mahali pa kupumulia. Biashara hiyo ilikwenda vizuri miaka mitatu.

Soko lilifungwa siku mwalimu wa Kiingereza aliponiita nisome ukurasa wa kumi na tisa. Nilisimama, nikakishika kitabu vizuri, nikasoma kwa sauti safi kuliko watu wote waliotangulia. Darasa likanyamaza. Nikadhani wananistaajabia. Mwalimu akaja taratibu mpaka kwenye dawati langu.

"Biira, unasoma wapi?"

"Ukurasa wa kumi na tisa, mwalimu."

"Nionyeshe."

Nikatazama. Baada ya kumi na nane ilikuja ishirini na moja. Mtu fulani muhula uliopita aliuchana ule wa katikati akafungia karanga. Nilikuwa nimesoma ukurasa ambao haukuwepo, bila kosa hata moja. Mwalimu alicheka kwanza, mpaka akavua miwani. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mwalimu. Nilipigwa viboko vinne. Nilivihesabu mara mbili, mara ya pili nilipokaa.

Barua ilikwenda kwa baba. Siku ya mwisho ya mwaka ningesimama mbele ya mwalimu mkuu na kusoma ukurasa ambao yeye mwenyewe angeuchagua. Nikishindwa, hakuna nafasi yangu darasa la saba. Baba alimsikiliza jirani akimsomea mama barua hiyo, hakupandisha sauti. "Ukishindwa, utapanda Mahango kwa shangazi yako," aliniambia. "Kule mlimani hakuna anayemuuliza mtu ukurasa." Dada yangu Masika alikuwa ameshapanda njia hiyo mbele yangu. Alikwenda kumsaidia shangazi kulima, na mavuno mawili baadaye akaja mwanamume na mbuzi, na Masika akawa mke wa mtu. Nilimwona sokoni mara moja tu baada ya hapo. Alinunua chumvi kwa mama yetu na akalipa kama mteja yeyote.

Somo hakuambiwa lolote kuhusu barua. Aligundua kwa njia ya magunia. Ulikuwa msimu wa kahawa, nami nilikuwa nikimsaidia baada ya shule. Alasiri moja aliitwa kwa mgonjwa, akaniacha na magunia kumi na mawili, na herufi tano zimepangwa kwa mfuatano: BWERA. Kazi ya mtoto mdogo. Niliziinua, nikazisafisha, nikazilaza, nikapiga rangi. Magunia kumi na mawili. Aliporudi, karani wa mwenye kahawa alikuwa ameshafika naye amesimama, mikono kiunoni. W na A zilisimama sawasawa, maana hizo hata ukizigeuza hazijali. Lakini B, E na R zilikuwa zimegeukia nyuma, kana kwamba zimesahau kitu nyumbani.

"Mama Kavira," karani akasema, "haya magunia yanakwenda au yanarudi?"

"Inarudi," Somo akamjibu bila kupepesa. "Imeonja kahawa yako, imekataa safari."

Karani akacheka, na mtu akishacheka bei yake imeshuka. Somo aliyapindua magunia yote kumi na mawili na kuyaandika upande wa pili. Hakunikaripia. Siku iliyofuata alinikalisha barazani, akaniambia nifumbe macho, akaniwekea B mkononi.

"Pima pembeni. Unasikia nini?"

Nilipapasa. Pembe tatu zilikuwa kali. Ya nne, ya juu kulia, ilikuwa imekatwa mshazari, kidogo tu, kama kwa meno ya panya.

"Bwana yangu ndiye alikata ile kona," alisema. "Kwa kila moja, zote makumi mbili na sita. Unajua juu ya nini? Macho yake ilikuwa sawa na yako. Ilikuwa inageuza maletre, hizi herufi. Wazungu ya shamba walimwita mupumbavu. Lakini ule mutu alikuwa na akili kupita bote. Alisema: kama macho inadanganya, tutauliza kidole."

Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka kwamba nilizihesabu herufi zote ishirini na sita kwa kidole, na kila moja ilikuwa na kona yake. Kwa mara ya kwanza nikajua kwamba duniani kulikuwa na mtu mwingine aliyeona kama mimi, naye amekufa kabla hatujaonana.

Tulianza hapo. Kila alasiri, rangi ikikauka, Somo alinifundisha kwa namna yake. Kiingereza hakukijua hata neno. "Ile luga miye siijue," alisema, "lakini maletre ni zile zile, haziulize mutu paspoti." W aliiita duble ve, kama alivyofundishwa na masista, nami nikaiita hivyo. Herufi za kitabuni zilikuwa ndogo na hazikuwa na kona iliyokatwa, basi akachukua uzi wa kushonea magunia akanifunga kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. "Sasa kona iko kwako. Ile ya tumbo inatazama uzi ni b. Ile inaipa uzi mugongo ni d." Nilienda na uzi huo shuleni, kanisani, kisimani. Ulipooza alifunga mwingine.

Halafu ikaja O. Hii ilikuwa kilema kati ya zote. O ya bati inahitaji vidaraja viwili vyembamba vya kulishikilia tumbo lake, na vile vya O ya Somo vilikuwa vimekatika siku nyingi, tumbo likaanguka, likapotea njiani wakati wa kukimbia. Kila alipoandika O ilimbidi aweke kizibo cha soda katikati, asije akapata doa jeusi. Siku moja aliniona nikihangaika na mstari wa kitabu, herufi zikisukumana kama kawaida yake, akaichukua ile O akailaza juu ya ukurasa. Maneno yote yakapotea chini ya bati. Kwenye tundu zikabaki herufi tatu tu, zimetulia, hazina mtu wa kusukumana naye. Nikazisoma. Nikasogeza tundu. Nikasoma nyingine. "Umeona?" Somo akasema. "Hazina ubaya. Ni vile zinakuwaka mingi." Nilikuwa nasoma mwendo wa konokono, lakini nilichosoma kilikuwa kimeandikwa pale kweli.

Wiki mbili kabla ya siku yangu, kaka yake alikuja kutoka ng'ambo. Kwao kumetulia, alisema, nyumba imesimama, na kuna lori la mfanyabiashara litakalovuka Mpondwe mchana wa siku fulani. Alipoitaja siku nikahesabu kwa vidole, kisha nikahesabu tena. Ilikuwa siku ile ile.

Asubuhi hiyo alinikuta nikinawa. Furushi lake lilikuwa tayari mlangoni. Akanipa O, imefutwa rangi mpaka inang'aa. Nilikataa. Nilimwambia hawezi kufanya kazi na alfabeti yenye pengo, na kwamba jina la mji wake lenyewe lina O.

"Iko na moja tu, ya mwisho," akasema. "Wataona BUTEMB, wataelewa."

"Sitaki zawadi, Somo."

Alinijua. Alijua kwamba mtoto wa muuza chumvi hapokei kitu bila masharti. "Haiko zawadi. Nakukopesha. Siku utajua kusoma, utanirudishia." Akanifunga uzi mpya kwenye kidole, akaukaza kwa meno, akaniambia niende nisichelewe.

Niliitwa wa mwisho. Mwalimu mkuu alifungua kitabu ambacho sikuwahi kukiona, hadithi ya mbwa aliyetumbukia kisimani, akanipa. Nikatoa O yangu.

"Hicho nini?"

"Ni herufi, mwalimu."

"Hapa si gereji. Weka mezani."

Nikaiweka. Herufi zikaanza kusukumana. Nikatazama mezani, ikawa mbali. Nikatazama mkono wangu, uzi upo. Na sijui wazo lilitoka wapi, lakini nikaunganisha gumba na kidole cha shahada nikafanya duara, nikailaza duara hiyo juu ya ukurasa. Darasa zima likacheka. "Biira, unamfinya nani?" mtu akauliza nyuma. Ndani ya vidole vyangu herufi tatu zilitulia. Ya kwanza nikaitamka kwa sauti kabla sijajizuia: duble ve. Wakacheka tena. Nikaendelea. Mwalimu mkuu alitazama saa yake mara mbili, kisha akaacha kuitazama. Nilikwenda herufi tatu tatu, mpaka chini ya ukurasa, mpaka mbwa akatoka kisimani. Nilipoinua kichwa hakuna aliyekuwa akicheka. Mwalimu wa Kiingereza, aliyekuwa amesimama dirishani, akasema, "Pole pole mno. Lakini safari hii ukurasa upo."

Mwalimu mkuu akaandika jina langu kwenye orodha ya darasa la saba. Sikungoja wino ukauke. Deni langu lilikuwa limeiva: alisema siku utajua kusoma, na siku ilikuwa hiyo, na nilikuwa nimejua bila lile bati. Nikaichukua mezani nikatoka mbio.

Kutoka Bwera hadi Mpondwe niliteremka bila kusimama, nikipita wanawake wenye mikungu ya ndizi vichwani, nikipita wapagazi waliokaa juu ya mizigo wakingoja zamu. Nilipofika kwenye forodha lori lilikuwa limeshavuka. Nililiona ng'ambo likipanda kilima kwa kulalama, watu wamekaa juu ya mizigo, na mmoja wao amejifunga kitambaa cheupe. Wanawake wengi walijifunga vitambaa vyeupe.

"Wee toto! Simama hapo! Nakwenda wapi?" askari wa forodha akaniita.

"Afande, naomba nivuke kidogo tu. Kuna mtu kwenye lile lori, nina kitu chake."

"Kitu gani? Lete."

Akaipokea O, akaigeuza, akanitazama kupitia tundu lake. "Hii iko tundu tu," akasema. "Tundu haina ushuru. Rudi nyumbani." Nikamwita Somo kwa nguvu zangu zote, mara mbili. Mto ulikuwa na kelele. Nilirudi nikitembea.

Baba alipokuja Jumamosi na kusikia, alisema tu kwamba shangazi yangu atalima peke yake. Nilimaliza darasa la saba, nikaendelea mbele kidogo kwa vidole vyangu viwili, kisha nikarithi meza ya mama. Nilichagua kuuzia Mpondwe. Watu walidhani ni kwa sababu ya faida. Siku za soko nilikuwa nikitazama magunia yanayotoka ng'ambo kabla sijatazama wateja. Nchi yao ilipobadilishwa jina kutoka Kongo ikawa Zaire nilipumua, maana hapo hapana O. Kisha siku moja, katikati ya miaka ya sabini, ikashushwa shehena ya maharage: BUTEMBO, herufi sita za kwanza zimenyooka kama askari, na ya mwisho imechorwa kwa mkono, ndogo, imelala upande kama yai. Yalikuwa magunia arobaini. Nilihesabu mara mbili. Yote arobaini yalikuwa na yai.

Nilimshika mpagazi mmoja wa kule. Nani ameandika haya? "Ni mama moja, iko anaongea na maletre yake," akasema. Nikampa ujumbe: Biira wa Bwera anajua kusoma, na O iko. Soko lililofuata alinirudishia jibu. "Anasema usiitume. Atakuja yeye mwenyewe kuitwaa, akusikie ukisoma." Nikaanza kukaa na gazeti chini ya meza. Lakini miaka ile ilikuwa mibaya upande wetu. Mpaka ulifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa, na watu walivuka kwa sababu kubwa kuliko herufi. Mara ya mwisho nilipoyaona mayai yale yalikuwa kwenye magunia matatu. Baadaye ikaja mifuko ya plastiki, imeandikwa na mashine, na O zote ni duara kamili, na sikuwa tena na kitu cha kutafuta.

Leo mjukuu wangu, naye wa pili, naye Biira, anasoma darasa la sita Kasese. Ana macho yetu. Tofauti ni kwamba mwalimu wake alilijua tatizo muhula wa kwanza, akalitaja kwa jina lake la kitaalamu bila kumpigia mtoto kelele, na akampa kadi ya plastiki yenye dirisha, na muda wa ziada kwenye mtihani. Hakuna aliyemtajia Mahango. Nafurahi, na wakati mwingine nikimtazama naona wivu, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya fundi mmoja wa magunia aliyekata kona ishirini na sita peke yake huku akiitwa mpumbavu. Lakini mtoto huyu amekataa ile kadi. Anataka bati. Anasema dirisha la plastiki linateleza, O ya bibi inakaa.

Basi nishaurini, hasa ninyi wa upande wa Butembo. Tazameni nyuma ya vyungu na juu ya dari za akina bibi. Mkikuta furushi la herufi za bati, kila moja imekatwa kona ya juu kulia, zihesabuni, kisha zihesabuni tena. Zikiwa ishirini na tano, niambieni nimpelekee nani hii moja. Na niambieni pia nitamwambia nini mtoto nikienda kuichukua mkononi mwake, maana yuko ukurasa wa kumi na tisa, na bado hajamaliza.